Siku ya Tatu: Hati, Barabara na Mgeni wa Afrika Mashariki katika Miji Pacha

Mgeni kutoka Nairobi, Kigoma au Mogadishu anayetua katika uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul kwa kawaida hajui ametua jirani na nani. Umbali mfupi kutoka kwenye njia za ndege, juu ya jabali linalotazama mto Minnesota ukiingia katika Mississippi, ipo ngome kongwe ya Fort Snelling. Wadakota, wenyeji wa nchi ile, huyaita makutano hayo Bdote, na miongoni mwao wapo wanaosimulia kwamba hapo ndipo watu wao walipoanzia. Katika ngome hiyo, mwaka 1836, daktari wa jeshi John Emerson alimleta mtumwa wake, Dred Scott. Sheria ya mwaka 1820 ilikuwa imekwisha kupiga marufuku utumwa katika eneo hilo la kaskazini. Hata hivyo maofisa wa serikali iliyotunga sheria hiyo walifuga watumwa ndani ya kuta za serikali hiyohiyo. Scott alioa hapo, akamwoa Harriet Robinson, mtumwa mwenzake. Miaka kumi baada ya kufikishwa ngomeni, wawili hao walifungua kesi huko St. Louis wakidai kuwa makazi yao katika ardhi huru yaliwafanya kuwa huru. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwajibu kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au awe huru, hawezi kuwa raia wa nchi hiyo.

Haikupita miaka sita, ngome ileile ikawapokea watu wengine. Baada ya vita vya mwaka 1862 kati ya Wadakota na Marekani, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa siku moja mjini Mankato, na Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizuiliwa katika kambi chini ya ngome katika majira ya baridi kali. Leo, katika eneo hilohilo la Fort Snelling, limesimama jengo la serikali lenye jina la Henry Whipple, askofu aliyemwomba Rais Lincoln awahurumie Wadakota. Ndani yake imo mahakama ya uhamiaji. Waafrika Mashariki wengi wanaoishi Minnesota wanalifahamu jengo hilo kuliko wanavyoifahamu ngome.

Hivyo, kwa karibu karne mbili, watu wa aina tatu wamesimamishwa mahali pamoja na kuulizwa swali moja: je, wewe ni wa hapa? Mtumwa aliulizwa, mwenyeji aliulizwa, na sasa anaulizwa mhamiaji. Historia ya haki za raia katika miji hii miwili, inayoitwa kwa mazoea Miji Pacha, ni historia ya swali hilo na ya njia mbalimbali za kulijibu. Na kwa kuwa Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ni vyema mgeni aliyekwisha kukaa siku zake mbili alijue shamba analokabidhiwa, na awajue waliolifyeka kabla yake.

Sifa ya kaskazini

Minnesota ina sifa ya wema, na sifa hiyo haikuokotwa. Wapigakura wake, karibu wote wakiwa wanaume weupe, walikataa mara mbili, mwaka 1865 na 1867, kuwapa wanaume weusi haki ya kupiga kura. Mara ya tatu, mwaka 1868, walikubali, miaka miwili kabla ya Katiba ya Marekani kulazimisha jambo hilo nchi nzima. Mwanasheria Fredrick McGhee, aliyezaliwa utumwani na kuhamia Saint Paul mwaka 1889, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Vuguvugu la Niagara mwaka 1905, lililotangulia kuundwa kwa chama cha NAACP. Mwaka 1920 kundi la watu lilipowatoa vijana watatu weusi katika mahabusu ya Duluth, kaskazini mwa jimbo, na kuwatundika kwenye nguzo ya taa, mwanamke wa Saint Paul, Nellie Francis, aliongoza kampeni iliyozaa sheria ya jimbo dhidi ya mauaji ya namna hiyo mwaka uliofuata. Bunge la Marekani lilichukua zaidi ya karne moja kupitisha sheria ya kitaifa ya jambo hilo.

Mjini Saint Paul alilelewa Roy Wilkins, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1923 na kuiongoza NAACP kuanzia 1955 hadi 1977. Whitney Young, aliyekuja kuliongoza shirika la National Urban League, alisoma katika chuo hicho na kuanzia kazi yake mjini Saint Paul. Wote wawili walisimama pamoja na Martin Luther King katika maandamano ya Washington ya mwaka 1963. Hubert Humphrey, meya wa Minneapolis, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa chama chake mwaka 1948 akakitaka kiikumbatie haki ya watu weusi, hata kama wajumbe wa kusini wangetoka ukumbini. Na kweli baadhi yao walitoka. Miaka 16 baadaye, akiwa seneta, ndiye aliyeisimamia Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 hadi ikapita.

Orodha hii ina uzito. Lakini ina hatari yake pia, kwa sababu inamfanya msomaji aamini kwamba ubaguzi ulikuwa ugonjwa wa kusini, na kwamba kaskazini ndiko dawa ilikotoka. Mwanauchumi Samuel Myers wa Chuo Kikuu cha Minnesota ameupa jina mkanganyiko huu: kitendawili cha Minnesota. Jimbo hilo huhesabiwa miongoni mwa majimbo bora ya kuishi nchini Marekani, na papo hapo ni miongoni mwa yale yenye pengo pana kabisa kati ya weupe na weusi. Takriban kaya tatu kati ya kila nne za weupe zinaishi katika nyumba zao wenyewe. Kwa kaya za weusi ni chini ya theluthi moja. Pengo la namna hiyo halizaliwi na chuki ya mtu mmoja mmoja. Limejengwa, na wajenzi wake walitumia vifaa viwili vya kawaida kabisa: karatasi na lami.

Karatasi

Kuanzia mwaka 1910, wauzaji wa viwanja mjini Minneapolis walianza kuingiza katika hati za mauzo sharti fupi: kwamba ardhi hiyo isiuzwe, isipangishwe wala isikaliwe na mtu asiye mweupe. Sharti liliambatana na ardhi, si na mnunuzi, kwa hiyo lilirithiwa pamoja na kiwanja. Aliyelivunja angeweza kushtakiwa na hata kunyang'anywa mali yake. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba masharti hayo yalikuwapo, ila hakuna aliyejua ni mangapi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianzisha mradi wa Mapping Prejudice, wakawaita maelfu ya watu wa kujitolea kuzisoma hati za zamani moja baada ya nyingine. Katika mji wa Minneapolis peke yake walipata masharti zaidi ya 8,000. Yalipowekwa kwenye ramani, mji ulionyesha sura ambayo wakazi wake wengi hawakuwahi kuiona ingawa walikuwa wakiishi ndani yake.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kuhusu mji wa namna hii, maana lugha yake imehifadhi majina yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Dar es Salaam ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, iligawanywa katika kanda tatu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na makazi ya Waafrika. Inafaa kutazama tofauti. Kanuni za Dar es Salaam zilitaja aina za nyumba na vifaa vya ujenzi, zikaiacha rangi ijitafute yenyewe kwa njia ya umaskini. Hati za Minneapolis zilitaja rangi waziwazi, lakini ziliitaja katika mkataba kati ya muuzaji na mnunuzi, si katika sheria ya mji. Dar es Salaam serikali ilibagua bila kutamka; Minneapolis raia walitamka, na serikali ikatunza makabrasha. Matokeo yalifanana: watoto walikua wakijua mipaka ambayo hakuna aliyewaonyesha.

Mwaka 1931 Arthur Lee, mfanyakazi wa posta aliyepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alinunua nyumba pamoja na mkewe Edith katika barabara ya Columbus, kusini mwa Minneapolis. Majirani walikuwa wamekubaliana kutouza kwa watu weusi. Mwezi Julai umati wa maelfu ulizingira nyumba hiyo usiku baada ya usiku, ukitupa mawe na kupiga kelele. Lee alikataa kuondoka. Aliyemtetea alikuwa Lena Olive Smith, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili katika jimbo la Minnesota, na wakati huo mwenyekiti wa tawi la NAACP mjini humo. Familia ilibaki kwa muda, mtoto wao akisindikizwa kwenda shule, kisha ikahamia kwingine. Nyumba ingali imesimama. Kutoka hapo hadi njia panda ya Mtaa wa 38 na barabara ya Chicago, mahali alipouawa George Floyd mwaka 2020, ni mwendo wa yapata kilomita moja na nusu.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama hazina ruhusa ya kutekeleza masharti hayo. Mwaka 1953 Minnesota ilikataza kuandikwa mapya. Mwaka 1968 sheria ya taifa iliyabatilisha kabisa. Lakini nyumba ni akiba. Familia iliyoruhusiwa kununua mwaka 1925 ilikuwa imekwisha kuitumia nyumba yake kama dhamana, kusomesha watoto, kufungua biashara na kurithisha, wakati familia iliyozuiwa ilipoambiwa kwamba sasa mlango u wazi. Mlango ulikuwa wazi kweli. Bei ya kuingia ndiyo iliyokuwa imepanda.

Lami

Mahali pekee ambapo watu weusi wa Saint Paul walifaulu kujenga akiba hiyo kwa pamoja palikuwa Rondo. Ulikuwa mtaa wa makanisa, maduka, vilabu, magazeti na nyumba za watumishi wa reli. Katika miaka ya 1950 serikali ilipotaka kuiunganisha miji miwili kwa barabara kuu ya kitaifa, I-94, mpangaji wa mji George Herrold alipendekeza njia ya kaskazini, kando ya reli, ambayo isingebomoa makazi mengi. Pendekezo lake lilikataliwa. Ubomoaji ulianza mwaka 1956. Mwaka huohuo mchungaji mzee, George Davis, aliyekataa kuhama, alitolewa nyumbani mwake na polisi. Barabara ilipofunguliwa mwaka 1968, zaidi ya familia 600 za weusi zilikuwa zimepoteza makazi. Nyingi zililipwa fidia isiyotosha kununua nyumba kwingine, na kwingine kwenyewe karatasi zilikuwa bado zinafanya kazi yake.

Zingatia miaka hiyo. Kati ya 1956 na 1968 ndipo vuguvugu la haki za raia lilipopata ushindi wake mkubwa: mabasi ya Montgomery, sheria ya 1964, haki ya kura ya 1965. Katika kipindi hichohicho Roy Wilkins alikuwa akiingia Ikulu ya Marekani kushauriana na marais, na mtaa wa Rondo, katika mji uliomlea, ulikuwa ukichimbuliwa kwa matingatinga. Sheria ilikuwa inapanda ngazi huku ardhi ikiteremka.

Afrika Mashariki nayo ililiona jambo hili, kwa kioo tofauti. Mwaka 1960 Thurgood Marshall, wakili mashuhuri wa vuguvugu hilohilo, alikwenda London kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mazungumzo ya Lancaster House, akaandika rasimu ya haki za msingi. Rasimu hiyo ililinda pia mali ya walio wachache, wakiwamo walowezi. Kwa Marshall, aliyetetea watu wachache maisha yake yote, huo ulikuwa msimamo wa kanuni. Kwa Mkenya aliyefukuzwa nyanda za juu, ulizusha swali ambalo halijazimika hadi leo: usawa mbele ya sheria una thamani gani kwa mtu ambaye ardhi yake imekwisha kuchukuliwa kihalali? Mjukuu wa Rondo angelielewa swali hilo bila kutafsiriwa.

Siku ya tatu

Wasomali walianza kufika Minnesota kwa wingi katika miaka ya 1990, wakikimbia vita, wengi wao wakipitia kambi za wakimbizi nchini Kenya. Walikuja pia Waoromo, Wakenya, Wakongomani na wengineo. Kiswahili kilichosemwa kambini na sokoni kikavuka bahari pamoja nao. Walipanga vyumba katika maghorofa ya Cedar-Riverside, wakafungua maduka katika barabara ya Lake, wakaendesha teksi na malori, wakatunza wagonjwa usiku. Katika barza zao lilisikika, na hadi leo linasikika, neno la tahadhari: ugomvi wa weupe na weusi wa nchi hii si wetu, sisi tumekuja kusoma na kufanya kazi.

Neno hilo lina historia yake, na si la kudharauliwa. Aliyekimbia vita vya koo ana sababu ya kuogopa ugomvi mwingine. Lakini limefunika jambo ambalo si rahisi kulikiri: mgeni hakuja mikono mitupu. Alikuja na madaraja yake ya rangi, nywele na nasaba. Mfano ulio wazi ni wa Wabantu wa Somalia, ambao miongoni mwao wamo wanaozungumza Kizigula, lugha ya mababu waliochukuliwa kutoka Tanganyika katika karne ya 19. Kuanzia mwaka 2003 Marekani iliwapokea wapatao 12,000 kwa sababu, miongoni mwa wakimbizi wote wa Somalia, wao walibaguliwa hata kambini. Mwambao wa Waswahili nao unajua jinsi neno ustaarabu lilivyotumika kumpima mtu kwa ukoo na rangi yake. Anayesema kwamba ubaguzi ni mambo ya Wamarekani hajasema kweli yote.

Marekani, kwa upande wake, haikumpa mgeni nafasi ya kuchagua. Julai 2016 Philando Castile, mfanyakazi mweusi wa jikoni katika shule ya Saint Paul, alipigwa risasi na polisi akiwa ndani ya gari lake; mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwachia huru polisi huyo. Mwezi mmoja baada ya uamuzi huo, polisi wa Minneapolis mwenye asili ya Somalia, Mohamed Noor, alimuua kwa risasi Justine Ruszczyk Damond, mwanamke mweupe kutoka Australia aliyekuwa amewapigia polisi simu kuomba msaada. Noor alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2019. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ililiondoa kosa hilo, ikabaki hatia ya kuua bila kukusudia. Hakuna aliyekuwa na haki ya kusema kwamba kifo cha mwanamke huyo kilikuwa chepesi. Lakini Wasomali wengi, hata wale waliosisitiza kwamba hawamo katika ugomvi, waliuliza kwa nini mizani ilikuwa na uzito ule siku ile na si siku nyingine. Kwa kuuliza hivyo walikuwa wamekwisha kuingia katika historia ya Dred Scott.

Tarehe 25 Mei 2020 polisi Derek Chauvin alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa, mbele ya mashahidi. Barabara ya Lake iliwaka moto, na waliounguliwa maduka ni pamoja na wahamiaji. Mnamo Juni wakazi wa Mathare, Nairobi, waliandamana dhidi ya mauaji ya polisi wao wenyewe, ambao ni weusi kama wao, na huko Kibera picha ya Floyd ikachorwa ukutani. Waandamanaji hao waliona jambo ambalo mjadala wa Marekani wakati mwingine hulisahau: kwamba swali la polisi halina rangi moja, ingawa kila mahali lina watu ambao maisha yao huhesabiwa kuwa rahisi. Chauvin alipatikana na hatia Aprili 2021. Mashtaka yaliongozwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuingia Bunge la Marekani. Kiti alichokiacha bungeni kilikuwa kimechukuliwa mwaka 2018 na Ilhan Omar, mzaliwa wa Mogadishu aliyekaa miaka minne kambini nchini Kenya. Omar aliingia katika mlango uliosukumwa na vizazi vya Wamarekani weusi.

Mustakabali

Ni upi basi mustakabali wa mapambano haya? Mfano mmoja unatosha kuonyesha hali ilivyo. Baada ya kifo cha Floyd, taasisi mbili zilichunguza polisi wa Minneapolis: idara ya haki za binadamu ya jimbo, iliyotoa ripoti yake mwaka 2022, na Wizara ya Sheria ya Marekani, iliyotoa yake mwaka 2023. Zote zilikuta ubaguzi wa rangi uliozoeleka. Kila moja ilifikia makubaliano na mji yaliyopaswa kusimamiwa na mahakama. Mei 2025 serikali mpya ya Washington iliyaondoa ya kwake, na jaji akafunga faili. Ya jimbo yamebaki. Kwa karne nzima Wamarekani weusi walijifunza kuikimbilia serikali kuu ili iwaokoe na wakubwa wa majimbo. Sasa jimbo ndilo linaloshikilia kile ambacho serikali kuu imekiachia. Kimbilio la jana si lazima liwe kimbilio la kesho.

Ndiyo maana kazi yenye matumaini zaidi katika Miji Pacha leo ni ile isiyo na kelele, inayorudi kwenye karatasi na lami. Mwaka 2018 halmashauri ya Minneapolis iliidhinisha mpango wa kuondoa kanuni iliyotenga maeneo mengi kwa nyumba za familia moja tu. Saint Paul iliomba radhi kwa ajili ya Rondo mwaka 2015, na chini ya meya Melvin Carter, ambaye ukoo wake ulipoteza mali huko, ilianzisha mfuko wa kuwasaidia wazao wa waliobomolewa kununua nyumba. Wapo wanaopanga kuifunika sehemu ya I-94 kwa daraja pana la ardhi, ili Rondo ipate tena pa kusimama. Hayo hayatoshi. Radhi hailipi kodi ya nyumba, na daraja likijengwa bila ulinzi wa wakazi linaweza kuwavutia matajiri wapya tu.

Mgeni wa Afrika Mashariki anayo nafasi katika kazi hiyo, na inamsubiri mezani. Familia iliyoanza katika chumba cha kupanga Cedar-Riverside ikifanikiwa kununua nyumba kusini mwa Minneapolis, inaweza kukuta katika kumbukumbu za kiwanja chake lile sharti fupi la miaka ya 1920 linalomzuia mtu kama wao kulala hapo. Halina nguvu tena. Lakini tangu mwaka 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kusajili tamko la kulikataa. Maneno ya zamani hayafutwi, kwa kuwa kufuta ni kusahaulisha. Yanawekewa jibu kando yake, katika daftari lilelile la serikali, kwa jina la mwenye nyumba wa sasa.

Dred Scott na Harriet walitafuta jibu la namna hiyo kwa miaka 11, wakanyimwa. Anayeweza kuliandika leo kwa saini yake mwenyewe hawezi tena kusema kwamba shamba si lake.